Ulanzi Uliolala Siku Mbili

Basi lilimshusha Severina njia panda ya Lusinga saa tisa alasiri, katika manyunyu yale ya mwezi wa pili yasiyokata wala kuzidi. Mgongoni alikuwa na Helena, mtoto wa miezi minane. Mkono mmoja ulishika kikapu cha mchele wa Usangu aliofungiwa na kaka yake. Mkono wa pili ulimshika Roza, ambaye asingeshikwa angemfuata abiria yeyote aliyemchekea.

Mbele ya duka la ushirika alisimama Verediana, mama yake Didas, jirani yake wa ua kwa ua. Alikuwa amekunja gunia kichwani kama kilemba cha mtawa.

"Kamwene, mama Roza."

"Kamwene, mama Didas. Umejuaje kama nakuja leo?"

"Sikujua. Jana nimekuja, juzi nimekuja. Kondakta keshanizoea, anadhani namtaka yeye." Verediana alicheka kidogo, akachukua kikapu, na kicheko kikaishia hapo hapo. "Haya, niambie. Mbeya wamesema nini?"

"Wamesema hakuna dawa."

"Lakini ni ugonjwa?"

Severina aliyatazama matope. "Ni ugonjwa. Acha nifike nyumbani kwanza."

"Usichelewe. Jumapili nakaliwa kikao." Walianza kutembea, maji yakiwaingia viatuni. "Wifi yangu keshamaliza kesi kabla haijaanza. Anasema Didas nimembemenda. Joachim wangu alipokuwa Mufindi kwenye mashamba ya chai, eti mimi na ziwa mdomoni mwa mtoto nilikuwa natembea na wanaume, ndiyo mtoto akadumaa, mwili na akili. Natakiwa nitaje jina. Nisipotaja narudi kwetu, Didas anabaki."

"Anabaki na nani?"

"Na nani zaidi ya shangazi yake? Mkono wenyewe unaujua. Anampiga mtoto kwa kusahau, mtoto anasahau kwa nini alipigwa." Verediana alisimama katikati ya njia. "Roza na Didas wamezaliwa mwezi mmoja, na wanafanana mpaka watu wanawaita mapacha. Roza akiwa mgonjwa, na Didas ni mgonjwa. Na wewe hakuna awezaye kusema umembemenda Roza, maana mumeo Faustin hajalala nje ya Lusinga hata siku moja. Utasimama useme, si ndiyo?"

"Nitasema," alijibu Severina.

"Mungu akuzidishie. Ee, Roza, mwanangu, kiatu chako kingine kiko wapi?"

Roza aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Kisha akacheka, akamkumbatia Verediana kiunoni.

*

Daktari wa Mbeya alikuwa Mnyakyusa mwenye miwani, kijana bado, jina lake Yotamu. Sista wa hospitali ya misheni Tosamaganga ndiye aliyemwandikia barua. Sista huyo alikuwa amempa Roza dawa ya minyoo, akampima, akampima tena, kisha akasema kwamba hapa pana jambo lililo juu ya uwezo wake, aende kwa anayelijua. Severina alifikia kwa kaka yake Liberatus, aliyekuwa kibarua wa shamba la utafiti Uyole, na kwa siku tatu akawa anapanda malori ya viazi kwenda hospitali na kurudi.

Yotamu aliuzungusha utepe kichwani mwa Roza kama fundi cherehani. Alimtazama macho, yale madogo yaliyokaa mbali mbali. Alipitisha kidole chini ya pua yake, pale ambapo watu wengine wana kamfereji kadogo. Roza hakuwa nako. Palikuwa laini kabisa.

"Mama, nitakuuliza neno, na si kwa kukushitaki. Ukiwa na mimba ya huyu, ulikunywa?"

"Nilikunywa nini?"

"Pombe."

"Pombe hapana. Ulanzi tu, wa mianzi."

Daktari alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Akamweleza taratibu kwamba huko nje madaktari wameandika jambo hili miaka michache tu iliyopita, kwamba hata wenzake wengi hawajalisikia, kwamba yeye mwenyewe haapi. Lakini kilevi anachokunywa mama hakiishii kwa mama. Kinampita kinakwenda kwa mtoto, na mtoto hana pa kukitema. Kinamkuta ubongo ukiwa bado unajengwa, na sura nayo, ndiyo maana watoto wa namna hii wanafanana popote walipo.

"Na huyu wa mgongoni?"

"Huyu sikunywa. Tumbo lilikataa, nilikuwa natapika hata harufu."

Yotamu alimtazama Helena, ambaye alikuwa ameukamata utepe na hataki kuuachia, kisha akamtazama Roza. Yale macho Severina aliyaelewa kuliko maneno.

"Ugonjwa huu utapona lini?"

"Hauponi, mama. Ila atasaidika. Usimpige kwa kusahau, hasahau kwa ukaidi. Ni kama debe lenye tundu: unatia, linavuja, na kulipiga teke debe hakuzibi tundu. Mpe neno moja kwa wakati mmoja. Mambo ya kila siku yaende kwa mpangilio ule ule. Na umpe vitu vya kushika, maana maneno yanampita." Kisha akachukua kalamu. "Kijijini kwenu wapo wengine wenye sura hii?"

"Hapana," alisema Severina.

Alilisema upesi sana, kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino.

*

Maana jambo lenyewe halikuanza na kunywa. Lilianza na kufundisha.

Mwaka wa sabini na moja Severina alikuwa na miaka kumi na minane na ndoa ya miezi mitatu. Kijiji nacho kilikuwa kichanga kama ndoa yake. Watu walitolewa mabondeni kwao, ambako kila ukoo ulikuwa na chemchemi yake, wakapangwa mistari kando ya barabara, wakaachiwa kijito kimoja, wao na ng'ombe wao. Mvua zilipoanza, tumbo la kuhara damu likaingia. Kuna wiki walizikwa watoto wanne.

Severina hakuwahi kukalia dawati la mchana. Kusoma alijifunza jioni, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa taa ya chemli, mikono ikinuka vitunguu, akiandika herufi ubaoni huku wanaume wakimcheka kwamba anaandika kama kuku anayechakura. Lakini alifaulu, akawa mwanamke pekee wa mstari wa tatu aliyejua kusoma. Kwa hiyo bwana maendeleo akamkabidhi kijitabu cha afya, awasomee wenzake Jumanne na Alhamisi. Kijitabu kilisema chemsheni maji. Akawasomea. Wanawake wakamuuliza, kwa kuni zipi? Misitu ilibaki kule walikotoka. Kuni za siku nzima ziliivisha ugali na kwisha.

Hapo ndipo Severina alipofunga kijitabu akafungua akili yake mwenyewe. Alikuwa amemwona nesi akipaka spiriti mkononi kabla ya sindano. Aliuliza, akajibiwa kwamba spiriti inaua vijidudu, na kwamba spiriti na pombe ni ndugu. Akajumlisha.

"Wenye mimba," akawaambia, "msiguse maji ya kijito. Kuni zikikosekana, nyweni ulanzi. Ulanzi unatoka juu ya mwanzi, haujagusa ardhi. Na msinywe mtogwa, ule mtamu wa asubuhi. Nyweni uliolala siku mbili. Ukali ndio unaoua wadudu."

Walimpigia makofi. Kina mama wakwe walifurahi kupita wote, kwa sababu wao siku zote walisema ulanzi unamwongezea mjamzito damu. Siku ile kisomo na mila vilishikana mikono, jambo lisilotokea mara nyingi.

Waliokuwa na mimba changa katika kundi lile walikuwa wawili, yeye na Verediana. Walikunywa kama watu wanaomeza dawa: kibuyu asubuhi, kibuyu mchana, kibuyu jioni, toka mvua za Krismasi mpaka mianzi ilipoacha kutoa, mwezi ule ule waliojifungua. Verediana hakuupenda. Ulimchoma koo, ukamtoa machozi. Severina ndiye aliyekuwa akimshikia kibuyu mdomoni. "Kunywa, dada yangu. Ni kwa ajili ya mtoto."

Hakuna kati yao aliyeharisha hata siku moja. Kwa miaka saba Severina alikuwa na fahari juu ya jambo lile.

*

Jumamosi asubuhi, akiwa anachambua maharage, alimweleza Faustin yote. Mumewe alikuwa mtu mpole wa maneno machache, seremala. Aliendelea kunoa randa yake mpaka Severina alipomaliza.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi iishie kwangu. Kesho simama useme ni ugonjwa, wamezaliwa nao, daktari amesema. Uongo hujasema. Habari ya ulanzi ya nini? Utamrudishia mtu ubongo?"

"Na Verediana haki yake ya kujua?"

"Verediana haki yake ni kubaki na mtoto wake. Hiyo utampa." Faustin aliijaribu randa kwa kidole. "Mama Roza, wewe watu wa hapa wanakuita mwalimu. Ukisema hili utaitwa nini?"

Aliona kwamba mumewe ameonyesha mlango ambao yeye mwenyewe tangu Mbeya alikuwa akiuchungulia, na kwamba mlango ulikuwa wazi, na kwamba ulikuwa rahisi kupita.

Mchana ule alikata kamba ya mkonge, akafunga juu yake, kutoka juu kwenda chini, kitambaa cha kunawia, kijiko cha mti, kifungo cha gauni, na kipande cha penseli. Kunawa, uji, kuvaa, shule. Faustin alipiga msumari kwenye fremu ya mlango, usawa wa kifua cha Roza, pasipo kuuliza ni wa nini. Roza alishika kitambaa. Alishika kijiko. Alirudi kwenye kitambaa, akacheka. Walianza tena mara sita. Mara ya saba alifika kwenye kifungo peke yake, na Severina akaingia ndani ili asionekane akilia.

*

Kikao kilikaa baada ya misa, uani kwa mzee Kalinga, mkubwa wa ukoo wa Joachim. Wanaume walikaa kwenye vigoda, wanawake kwenye mikeka, kibuyu cha ulanzi kikizunguka kama kawaida ya kikao chochote. Redio ndogo ya mzee ilikuwa ikitangaza habari za vita vya Kagera. Aliizima kwa heshima, kama mtu anayefunika sufuria. Watoto walicheza kando ya banda la kuku, Roza na Didas wakiwa wameshikana mikono, wakizunguka na kuanguka, wakizunguka na kuanguka.

Verediana aliketi peke yake kwenye mkeka mdogo. Joachim, mumewe, alikuwa amelaza kidevu juu ya fimbo yake.

"Haya, binti," alisema mzee Kalinga, "mimi sipendi maneno marefu, mahindi yangu yananingoja palizi. Taja jina, mwenye jina alipe mbuzi, tumalize."

"Sina jina, baba."

"Jina hana," alidakia shangazi yake Didas, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Ana majina. Anachagua la kuanzia."

Watu wakacheka. Verediana aligeuza shingo akamtafuta Severina kwa macho.

Severina alisimama, Helena mgongoni. "Shikamooni, wazee. Mimi nimetoka Mbeya hospitali. Didas hakubemendwa. Ni ugonjwa wa ubongo, na Roza wangu anao huo huo. Wamezaliwa nao. Daktari amesema."

Minong'ono ikapita. Mzee Kalinga akatikisa kichwa kama mtu anayepima uzito wa gunia. "Ugonjwa. Mbona kijiji kizima umeingia nyumba mbili tu?"

"Sijui, baba," alisema Severina.

Shangazi alikuwa tayari amenyanyuka. Alikwenda bandani pasipo haraka, akamshika Roza kidevu kwa mkono wa kulia na Didas kwa wa kushoto, akawaleta mbele ya wazee hivyo hivyo, kama mtu aliyebeba vibuyu viwili.

"Ugonjwa unachonga sura? Tazameni. Macho yale yale. Mdomo wa juu ule ule, umepigwa pasi. Pua moja. Mimi sikusoma, wala jioni wala asubuhi, lakini ng'ombe nawajua. Ndama wawili wakifanana hivi, fahali ni mmoja." Akainua macho. "Mwanamume ambaye hajalala nje ya Lusinga hata siku moja ni nani, jamani? Si Faustin?"

Vichwa vikamgeukia Faustin.

"Shangazi, chunga mdomo wako," alisema Faustin.

Joachim aliinua kidevu kutoka kwenye fimbo. Aliwatazama wale watoto wawili kwa muda mrefu, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayesoma kwa shida, na Severina akaona kwamba amemaliza kusoma, na kwamba amesoma vibaya. Joachim akasimama. Fimbo ilianza kupanda.

"Ni mimi," alisema Severina.

Fimbo ilisimama hewani.

"Niliyewafananisha ni mimi. Ni ulanzi. Mwaka ule wa kuhara damu niliwaambia wenye mimba wanywe ulanzi, uliolala siku mbili, mkali. Kijitabu hakikusema hivyo. Nilitunga mwenyewe. Nilidhani unaua wadudu kama spiriti ya nesi." Sauti ilikuwa ikimtoka nyembamba, sauti ya mtu anayesoma ubaoni. "Kumbe unamfikia mtoto tumboni, unamharibu ubongo, na sura unaichonga hivyo. Aliyekunywa huko Ulaya na aliyekunywa Lusinga, watoto wao wanafanana, na hawajuani. Tuliokuwa na mimba changa tulikuwa wawili. Mama Didas hakutaka. Mimi nilimshikia kibuyu."

Ua mzima ulilipuka kwa kelele.

"Ulanzi!" Mzee mmoja aligonga kibuyu chake kwa kucha. "Mimi mama yangu alikunywa mpaka uchungu unamshika, na huyu hapa mimi!"

"Ndiyo maana," alisema mwingine, na wanaume wakaangua kicheko.

"Msomi wa koroboi!" alifoka shangazi. "Anamficha mumewe chini ya kibuyu!"

Hapo ndipo mkunga aliyewazalisha wote wawili alipokohoa. Alikuwa bibi kizee aliyekaa nyuma kabisa, miguu imenyooshwa, na watu walikuwa wamemsahau.

"Mimi niliwapokea hawa," alisema. "Wa Severina, kisha wa Verediana. Walikuwa wadogo kama panzi, wakitetemeka, na wakinuka ulanzi. Mtoto hajaona jua, ananuka ulanzi! Nikajiambia, bibi we, umekunywa sana, unajinusa mwenyewe." Alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga. "Lakini wa Verediana nilimpokea alfajiri, sijatia kitu kinywani."

Joachim alikaa. Fimbo ilimponyoka ikalala kwenye vumbi lililolowa.

Mzee Kalinga alikitazama kibuyu chake kwa muda. Kisha akanywa, ila polepole, kama mtu anayeonja chakula kwenye nyumba asiyoiamini. "Kesi ya kitanda imekwisha," alisema. "Mwanamke huyu hana kosa. Hayo mengine ni makubwa, hatuna mbuzi wa kuyalipia."

Watu walitawanyika kwa vikundi. Severina alibaki amesimama pale pale, kwa sababu Verediana alikuwa anamjia, Didas mkononi. Alidhani atamkumbatia. Hata mikono yake ilishaanza kufunguka.

"Ulijua toka siku ile ya basi," alisema Verediana.

"Nilijua."

"Nimekubebea kikapu mvuani."

"Dada yangu..."

"Bora ungeniacha niitwe malaya." Hakupaza sauti. "Umalaya ningejua ni uongo. Ningelala nikijua ni uongo. Sasa hili nitalala nalo vipi? Kila nikimtazama nitakumbuka nilivyokuwa nameza."

Akaondoka. Didas alikuwa akigeuka nyuma akimpungia Roza, na Roza akimpungia, mpaka kona ya mstari wa nyumba ikawakata.

*

Jumanne iliyofuata walikuja wanawake watatu darasani. Alhamisi hakuja mtu. Severina aliandika ubaoni maneno aliyokusudia kuyafundisha, akakaa akayasoma mwenyewe, akayafuta. Wasichana kijitoni walitunga kijiwimbo cha mwalimu wa ulanzi, chenye pigo zuri la kutwangia, na mara mbili alijikuta mwenyewe anatwanga kwa pigo lile.

Mama mkwe wake alihamisha mitungi yake ya ulanzi kutoka jikoni mwao akaipeleka kwake, kwa kelele nyingi. "Nisije nikaonekana mchawi." Faustin hakumpiga wala hakumsema, ila alianza kula kwa mama yake. Alirudi kulala, akageukia ukutani.

Kitu kimoja zaidi Severina alikifanya kwa kufuata maneno ya daktari. Alikwenda kwa mwalimu wa darasa la kwanza na kumweleza habari ya debe lenye tundu. Mwalimu alikuwa na watoto themanini na watatu na chaki moja.

"Mama, mimi nikiwasikiliza mmoja mmoja hivi, nitafika lini sita mara sita?"

"Sikuombi umfundishe zaidi, mwalimu. Nakuomba usimpige. Umkalishe mbele, umwambie neno moja moja."

Mwalimu alijikuna shingo. "Na yule mwenzake, Didas? Yule anakula fimbo kuliko huyu."

"Na yule pia."

"Mama yake kakutuma?"

"Hapana," alisema Severina. "Hajanituma."

Mwezi wa tatu ulipita, mvua ikaongezeka, ulanzi ukajaa kila ua. Kila asubuhi Roza alisimama mlangoni mbele ya kamba yake. Kuna siku alifika kwenye penseli bila kukosea, na kuna siku alikwama kwenye kijiko, akawa anakunywa uji mara mbili. Verediana alipita na ndoo, akatazama mbele. Severina alisema, "Kamwene, mama Didas." Ilikuwa kama kusalimia ukuta.

Halafu asubuhi moja, akitupa maji ya kuoshea vyombo, aliona kitu kwenye mlango wa jirani. Kilikuwa kinaning'inia kwenye fremu, upande wa kushoto. Aliliweka karai chini.

Ilikuwa kamba. Si ya mkonge, ya gome la mti. Juu palikuwa na kitambaa. Chini yake gunzi la hindi, kwa ajili ya uji bila shaka. Kisha unyoya wa kuku, kwa maana kazi ya Didas asubuhi ilikuwa kuwafungulia kuku. Kisha kitu asichokijua, kipande cha mfupa au cha mti. Alitaka kujua ni cha nini, akajua kwamba hana haki ya kuuliza.

Lakini ilikuwa juu mno. Verediana aliifunga usawa wa macho yake mwenyewe, kama mtu aliyeiona ya jirani kwa mbali tu, akipita na ndoo kichwani, asitake kuonekana akitazama. Mtoto asingeifikia. Na vitu vya kushika visipofikiwa vinakuwa maneno tena.

Severina alipiga hatua moja kuelekea ua ule, akasimama.

"Roza. Njoo, mama." Alichuchumaa, akamshika mashavu ili macho yatulie. Akampa neno moja. "Nenda kwa mama Didas. Mwambie, ashushe kamba. Sema."

"Ashushe kamba."

"Tena."

"Ashushe kamba."

Roza akaenda mbio, akaruka dimbwi, akarudi akaliruka tena kwa sababu lilimfurahisha. Alipofika mlango wa pili Severina aliona, kwa namna mabega yake yalivyolegea, kwamba neno limekwisha kuvuja. Verediana alikuwa ametokea na ufagio.

"Kamwene," alisema Roza. Hakusema zaidi. Alisimama, akatafuta kichwani, hapakuwa na kitu.

Ndipo akaiona kamba. Aliitambua. Uso wake ukafunguka, akanyoosha mkono juu apate kushika kitambaa, akasimama kwa vidole vya miguu, akaruka, hakufika. Akaruka tena. Didas naye akatoka ndani, akaanza kuruka pembeni yake, wote wawili wakicheka, vidole vyao vikiishia chini ya unyoya.

Verediana aliwatazama. Aliusimamisha ufagio ukutani. Kisha akanyoosha mikono yake, akafungua fundo, akapiga goti kwenye matope ya kizingitini, akaifunga upya chini, usawa wa kifua cha mtoto, akivuta fundo kwa meno. Hakugeuka hata mara moja upande alikosimama Severina. Aliuchukua mkono wa Didas, akauweka juu ya kitambaa.